SOMO LA AFYA: Jinsi Umio Unavyopona Baada ya Kuunguzwa, na kwa Nini Nauli ya Kurudi ni Sehemu ya Matibabu

Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha somo kuhusu umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi Tanzania, na sharika zetu za Makuyuni, Korogwe na Handeni zimeshachangia nauli za wagonjwa wa aina hii. Wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Hata hivyo, saratani hii ina hatua ya mwanzo inayotibika, na tunaomba kila kamati iielewe.

Hatua ya kabla ya saratani

Ndani ya umio kuna utando laini wenye tabaka nyingi za seli. Seli za chini huzaliana na kupanda juu, na zile kuukuu hubanduka. Kwa baadhi ya watu mpangilio huu huharibika polepole, seli zikaanza kukua ovyo zikiwa bado ndani ya utando. Hiyo siyo saratani bado, ila ni mlango wake. Mtu hasikii maumivu yoyote na anakula kama kawaida.

Majirani zetu wa Kenya wametupa mfano mzuri. Hospitali ya Tenwek, iliyoko Bomet, ni hospitali ya misheni iliyowahudumia wagonjwa wa umio kwa miaka mingi. Taarifa yake ya mwaka 2009 ilieleza habari za wagonjwa zaidi ya 900 waliowekewa kimrija cha kuzibua njia ili waweze kumeza. Baadaye wataalamu waliwapima watu 305 wasio na dalili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Waliingiza mpira mwembamba wenye kamera na kupaka umio dawa ya ayodini. Sehemu nzima hugeuka rangi ya kahawia, na sehemu yenye seli zilizobadilika hubaki bila rangi hiyo. Karibu watu 14 katika kila 100 walikutwa na mabadiliko hayo, na wengi wao wasingegundulika bila ayodini.

Kuunguza na kupona

Sehemu iliyoharibika ikiwa bado juu juu, daktari anaweza kuikata au kuiunguza kwa joto kupitia mpira uleule, bila kupasua kifua. Joto hilo hufika kina kisichozidi milimita moja hivi. Lengo ni kuua utando mbaya na kuacha salama misuli iliyo chini yake.

Siku za kwanza mgonjwa husikia maumivu ya kifua na ya kumeza. Huanza na vinywaji visivyo vya moto, kisha uji mwepesi, mtori na vyakula laini, kwa muda atakaoelekezwa. Utando uliokufa hubanduka na kuacha kidonda. Seli nzima zilizo pembezoni mwa kidonda huanza kuzaliana na kutambaa kuelekea katikati, kama nyasi zinavyofunika kiwanja kilichofyekwa. Seli nyingine hutoka katika vijia vya tezi ndogo zilizo chini ya utando. Kazi hii huchukua wiki kadhaa.

Tindikali ya tumboni ikipanda hukichoma kidonda tena na kuchelewesha utando mpya. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza tindikali, kama omeprazoli. Asiiache kwa sababu maumivu yamekwisha, kwa kuwa maumivu huisha kabla kidonda hakijafunga. Asinywe aspirini au diklofenaki bila kumwuliza daktari.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui

Kidonda kikiwa kikubwa, hasa kama kimezunguka umio wote, kovu lake linaweza kujikunja na kubana njia. Mara nyingi hutokea wiki chache baadaye, wakati mgonjwa amesharudi nyumbani na anajiona amepona. Ghafla ugali unakwama. Hapo ndugu husema ugonjwa umerudi, wengine husema amerogwa, na mgonjwa hukata tamaa. Kumbe huenda ni kovu tu, nalo hupanuliwa hospitalini kwa puto au kifaa maalumu, pengine zaidi ya mara moja. Asiporudi, anaweza kudhoofika kwa njaa huku tatizo lake lina dawa.

Kuna sababu ya pili ya kurudi. Seli mbaya zinaweza kubaki, hata chini ya utando mpya unaoonekana mzuri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulihusu wagonjwa 127 wenye aina nyingine ya mabadiliko ya umio, ile inayoletwa na tindikali. Kati ya waliokuwa na mabadiliko makali, 81 katika kila 100 walioungunzwa walikutwa safi baada ya mwaka mmoja. Waliopewa dawa ya tindikali peke yake walikuwa 19 katika kila 100. Lakini waliotibiwa waliweza kuunguzwa hadi mara nne katika mwaka huo, na 6 katika kila 100 walipata kovu la kubana. Mafanikio yale yalitokana na kurudi.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Huduma ya kuunguza bado inapatikana katika hospitali chache. Mgonjwa wa kwetu huanzia zahanati au hospitali ya wilaya, kisha hupelekwa Bombo, KCMC au Muhimbili, ambako ataelezwa huduma iliyopo. Desturi yetu ni kuchanga kwa nguvu safari ya kwanza. Ya pili humkuta mgonjwa peke yake, mahindi yakiwa bado shambani. Tunapendekeza mchango wa mgonjwa mmoja uhesabiwe tangu mwanzo kwa safari tatu: ya matibabu, ya kuangaliwa kidonda baada ya miezi miwili au mitatu, na ya akiba kwa ajili ya kovu. Wafadhili wetu hupenda kuona jengo au mashine, nasi tunashukuru kwa hayo. Tunawaomba waione na tiketi ya basi kuwa ni tiba.

Mjumbe amtembelee mgonjwa kila wiki na kumwuliza: Unameza nini leo? Dawa zimebaki ngapi? Tarehe ya kurudi ni lini? Akitapika damu, akipata choo cheusi, homa, maumivu makali ya kifua, au akishindwa kumeza hata mate, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tusisahau kinga. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Tuache chai ipoe kidogo, hata katika vikao vyetu. Tumbaku na pombe nazo huongeza hatari.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika wetu, nani ana shida ya kumeza na hajapimwa?
2. Mgonjwa wa mwisho tuliyemchangia alirudi hospitali mara ngapi, na nani alilipa?
3. Tutatenga kiasi gani robo hii kwa safari ya pili na ya tatu?