Tairi Kubwa na Mzigo wa Ekseli

Magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne yana historia ndefu katika Afrika Mashariki. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na haikuchukua muda kufika katika njia za udongo za nchi hizi. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo leo hubeba wagonjwa, watalii, wapima ardhi na magunia ya mahindi, ilitoka mwaka 1984. Wenye magari ya aina hii wana desturi moja: njia ikiwashinda, hutafuta tairi kubwa zaidi. Fundi hupunguza kidogo bati la madigadi, hufunga tairi mpya, na gari hutoka gerejini likiwa limeinuka kama ngamia. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni kama ekseli, breki na gia, ambazo zilipimwa kiwandani kwa ajili ya tairi ndogo, zinaweza kuibeba kazi hiyo mpya.

Swali hilo linaweza kujibiwa kwa fizikia ya shule ya sekondari. Ichukuliwe mfano wa gari lenye uzito wa kilo 3,200 pamoja na shehena yake, yaani kilo 800 kwa kila gurudumu. Tairi zake zina kipenyo cha sentimita 80, karibu sawa na zile ziandikwazo 7.50–16, na mwenyewe anataka kufunga tairi za sentimita 90, karibu sawa na zile za inchi 35. Uwiano wa vipenyo hivyo ni 90/80, yaani 1.125. Namba hiyo moja itarudi mara nyingi.

Kwanza itajwe faida, maana ipo. Katika gari lenye ekseli ngumu, yaani ekseli iliyo kama boriti moja kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, kitu cha kwanza kugonga jiwe huwa ni tumbo la difu. Ekseli hiyo hupita katikati ya magurudumu, na kwa hiyo kimo chake kutoka ardhini huamuliwa na nusu kipenyo cha tairi. Springi ndefu huinua bodi na injini, lakini haziinui difu hata kwa unene wa ukucha. Anayelipa fedha ili kuinua springi peke yake hununua kimo cha kutazamwa, na difu yake huendelea kulima njia palepale ilipokuwa ikilima. Tairi ya sentimita 90 huinua difu kwa sentimita 5 kamili, na katika njia yenye makorongo sentimita 5 si kitu kidogo.

Sasa itazamwe gharama. Gurudumu ni wenzo unaozunguka. Ardhi husukuma tairi kwa kani fulani, na kani hiyo hutenda mbali na kitovu kwa umbali ulio sawa na nusu kipenyo. Zao la kani na umbali huo ni momenti, na momenti hiyo huikunja shafti ya gurudumu, yaani nondo ya chuma cha pua itokayo kwenye difu hadi kwenye kitovu, kama mtu anavyokamua nguo iliyofuliwa. Dunia huvuta kila kilo kwa takriban nyutoni 10. Hivyo gurudumu lenye mzigo wa kilo 800 hukandamiza ardhi kwa nyutoni 8,000. Juu ya mwamba mkavu, kipimo cha msuguano kikichukuliwa kuwa 0.8, tairi huweza kusukuma kwa nyutoni 6,400 kabla ya kuteleza. Kwa tairi ya zamani momenti katika shafti ni 6,400 × 0.40, yaani nyutoni-mita 2,560. Kwa tairi mpya ni 6,400 × 0.45, yaani 2,880. Ongezeko ni lile lile la uwiano wa 1.125.

Mwanafunzi makini atauliza: je, momenti haiamuliwi na injini? Injini ile ile haiwezi kuzidisha nguvu kwa sababu tu tairi zimebadilishwa. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ndiyo kiini cha suala zima. Injini ya dizeli ya gari la aina hii hutoa momenti ya karibu nyutoni-mita 280. Momenti hiyo huzidishwa mara 4.5 hivi na gia ya kwanza, mara 2.5 na gia ya chini ya kisanduku cha pili, na mara 4.1 na difu. Zao lake ni karibu 13,000. Magurudumu manne juu ya mwamba mkavu yanaweza kupokea 2,560 × 4, yaani 10,240 tu. Basi katika gia ya chini injini ina nguvu kuliko ardhi inavyoweza kupokea, na kinachoamua mzigo wa shafti ni msuguano.

Ardhi inayoteleza hufanya kazi ya fyuzi. Katika tope, msuguano ukiwa 0.3, gurudumu la zamani huteleza pindi momenti inapofika 960, na shafti haidhuriki hata dereva akikanyaga mafuta kwa hasira. Ndiyo sababu gari linaweza kuhangaika masika nzima katika udongo mweusi wa mbuga bila kuvunja kitu, kisha likavunja shafti siku ya kwanza ya kupanda mlima wenye mawe makavu. Kila kinachoongeza mshiko wa gari, iwe ni tairi pana, meno makubwa ya tairi au kifaa cha kufunga difu, huongeza ukubwa wa fyuzi bila kuongeza unene wa waya.

Kifaa hicho cha kufunga difu kinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Difu ya kawaida hugawa momenti sawasawa kwa magurudumu mawili. Likiwapo moja lililo hewani lisilopokea kitu, la pili nalo hupata karibu na sifuri. Difu ikifungwa, magurudumu yote mawili hulazimika kuzunguka pamoja, na lile lililoshika mwamba hubeba peke yake mzigo wa ekseli nzima. Kilo 1,600 juu ya gurudumu moja ni nyutoni 16,000. Zikizidishwa kwa 0.8 na kwa 0.45 hupatikana nyutoni-mita 5,760, zote katika shafti moja. Kiasi hicho ni zaidi ya mara mbili ya kile ilichokuwa ikibeba gurudumu lilipokuwa na mzigo wake wa kawaida na tairi yake ya zamani. Mbaya zaidi ni gurudumu linalozunguka hewani kwa kasi kisha likatua ghafla juu ya jiwe. Inesha yake huongezeka kadiri ya masi na kipeo cha pili cha nusu kipenyo, na nishati yote iliyomo humiminika ndani ya shafti kwa kitambo kifupi sana.

Habari njema ni kwamba nguvu ya shafti dhidi ya kukunjwa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Ili kustahimili momenti iliyozidi kwa 1.125, kipenyo cha shafti huhitaji kuzidi kwa 1.04 tu, kwa kuwa 1.04 × 1.04 × 1.04 ni 1.125. Nondo ya milimita 30 ingetosha ikiwa na milimita 31.2. Tatizo ni kwamba difu na kitovu vimetobolewa kwa kipimo cha zamani, na nondo nene haiingii. Kwa hiyo watengenezaji wengi wa vipuri huacha kipenyo kama kilivyo na kubadilisha madini: hutumia chuma cha pua chenye nikeli, kromiamu na molibdenamu, kilichopashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Anayetaka nondo nene kwa kweli hubadilisha ekseli nzima pamoja na difu yake.

Ifahamike pia kwamba ekseli za nyuma ni za aina mbili. Katika aina ya kwanza uzito wa gari hubebwa na ganda la ekseli kupitia beringi za kitovu, na shafti haina kazi nyingine ila kuzungusha. Katika aina ya pili shafti yenyewe hubeba uzito na kuzungusha papo hapo. Tofauti hiyo hujulikana siku ya ajali. Shafti ya aina ya kwanza ikivunjika, gurudumu hubaki mahali pake. Madereva wa Land Rover za zamani waliweza kuchomoa vipande, kuondoa shafti ndefu ya nyuma na kurudi nyumbani kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Shafti ya aina ya pili ikivunjika karibu na kitovu, gurudumu linaweza kuondoka nayo. Mwenye gari la aina ya pili hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kufunga tairi nzito, hasa zenye rimu zinazotokeza nje, kwa kuwa nazo huongeza urefu wa wenzo unaopinda shafti na kuchosha beringi.

Ili injini isionewe, difu nayo hubadilishwa. Ikiwa difu ina meno 37 kwa 9, uwiano wake ni 4.11, na tairi mpya huufanya uwe kama 3.65, gari huwa zito kupanda na klachi huungua mapema. Seti ya meno 39 kwa 8 hutoa 4.875, na ikigawanywa kwa 1.125 hubaki 4.33, kiasi kinachotosha. Lakini katika ganda lile lile gia yenye meno 8 huwa nyembamba kuliko ya meno 9, hivyo uwezo wa kupanda hulipiwa kwa uimara wa meno. Tena difu ya mbele na ya nyuma sharti zibadilishwe pamoja, la sivyo ekseli mbili zitashindana kila gari linapotiwa katika magurudumu manne.

Wahandisi wengine walilikwepa tatizo hili tangu mwanzo. Unimog ya Ujerumani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, ina gia katika kila kitovu. Shafti hupita juu ya kitovu cha gurudumu, na gia hizo huishusha nguvu chini huku zikiizidisha. Gari la jeshi la Marekani la miaka ya 1980 liitwalo HMMWV hutumia fikra hiyo hiyo, kwa uwiano wa karibu 2. Faida ni mbili kwa pamoja: difu huinuka bila kuhitaji tairi kubwa, na ile momenti ya 5,760 huwa 2,880 tu ndani ya shafti. Bei yake, uzito wake na idadi ya sili za kuzuia mafuta ndizo zinazoifanya isionekane katika magari ya kawaida.

Yote yaliyosemwa hadi hapa yanahusu gari kuvunjika. Breki zinahusu watu. Mguu wa dereva hutoa momenti ile ile kwenye breki, lakini kani inayosimamisha gari ardhini ni momenti hiyo ikigawanywa kwa nusu kipenyo. Tairi ikikua, kani hupungua kwa 1.125. Wakati huo huo spidomita, ambayo huhesabu mizunguko, hudanganya: mshale unapoonyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda 90. Nishati mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi, hivyo imezidi kwa 1.27. Dereva anayeamini yuko katika 80, akakanyaga breki kama alivyozoea, atasimama kwa umbali uliozidi kwa 1.27 × 1.125, yaani karibu 1.42. Gari lililokuwa likisimama katika mita 40 sasa litahitaji mita 57. Akikanyaga kwa nguvu zaidi atapunguza hasara, lakini sehemu inayotokana na kasi haimtoki. Mita 17 ni urefu wa kutosha kuvuka kivuko cha wanafunzi mbele ya shule na kupita upande wa pili. Spidomita kurekebishwa na breki kuongezwa nguvu ni kazi ya lazima, na inastahili kutangulia difu na shafti.

Na kabla ya yote hayo, mwenye gari angejaribu jambo lisilo na gharama: kupunguza upepo. Tairi inayobeba nyutoni 8,000 kwa kanieneo ya kilopaskali 250 (pauni 36 hivi katika kipimo cha kituo cha mafuta) hugusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 320, ukurasa mmoja wa daftari. Upepo ukishushwa hadi kilopaskali 100, pauni 15 hivi, eneo huwa sentimita za mraba 800, kurasa mbili na nusu, ikiwa ugumu wa kuta za tairi utapuuzwa. Mchanga au tope lililokuwa likimeza gari sasa hulibeba. Sharti ni kwenda polepole na kujaza tena upepo kabla ya kufika lami, maana tairi legevu ikikimbizwa hujikunja, hupata joto na kupasuka.

Mwalimu anayetaka darasa lake lipime badala ya kuamini anahitaji chaki, futi kamba na gari lililosimama mahali tambarare. Alama itiwe kwenye tairi pale inapogusa ardhi, na nyingine sakafuni. Gari lisukumwe mpaka alama ya tairi irudi chini, kisha umbali upimwe na kugawanywa kwa 6.28. Umbali ukiwa mita 2.45, nusu kipenyo cha mwendo ni sentimita 39, pungufu kidogo ya nusu ya kipenyo kilichopimwa kwa rula, kwa kuwa uzito hubonyeza tairi. Zoezi lirudiwe upepo ukiwa umepunguzwa, na wanafunzi wakadirie mapema namba itabadilika kwa kiasi gani.