Punguzo la Kompyuta ya Mezani

Swali: Bwana Mhariri, hapa Singida mjini nimeonyeshwa kompyuta ya mtumba, nayo yadaiwa imepunguzwa bei kwa nusu. Niinunue? (Mwalimu, Iramba)

Jibu: Ndugu Mwalimu, ile bei ya awali usiitie hesabuni, maana aliyeiandika ndiye aliyeikata, bali iwashe mashine, usome jina la prosesa, na ukikuta, kwa mfano, Core i5-3470, fahamu kwamba ile 3 ya mwanzo yaarifu kizazi cha tatu, cha mwaka 2012, ambacho Windows 11 haikitambui rasmi, ilhali huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa barua na alama za wanafunzi yatosha, lakini ilipiwe kwa kadiri ya umri wake. Dai dhamana kwa maandishi na risiti ya EFD. Na kioo, je, kimo katika bei hiyo?