Tiyo ya chuma: udongo gani unaila, udongo gani unaitunza

Koperative nyingi zinavuta maji ya chemchem kwa tiyo za chuma zilizopakwa zinki. Tukiisha kuzifukia, tunazisahau. Lakini kule chini kazi inaendelea: zinki inaliwa kwanza, kusudi chuma kisiliwe. Zinki ikiisha, ni zamu ya chuma. Itachukua miaka mingi ama michache? Udongo njo unaamua.

Udongo wenye hatari ni huu:
- Mfinyanzi unaoshika maji.
- Udongo mweusi wa kinamasi, wenye kunuka kama yai lililooza. Mna vijidudu vinavyoishi bila hewa, navyo vinasaidia kula chuma.
- Udongo mchachu, sababu unayeyusha zinki.
- Mahali penye majivu, makala ama mbolea ya chumvi.

Mchanga unaopitisha maji ni mpole zaidi. Fundi mwenye chombo anaweza kupima: udongo ulio chini ya om-mita 10 ni mkali sana, ukipita 100, hatari ni ndogo.

Tuangalie hasa mipakani. Tiyo ikitoka kwenye mchanga na kuingia kwenye mfinyanzi wenye maji, upande usiopata hewa njo unaliwa mbio. Ni pale inatoboka kwanza.

Tufanye nini?

1. Mbele ya kununua tiyo, tuchimbe vishimo kila mahali udongo unapobadilika.
2. Tulaze tiyo ndani ya mchanga safi, chini, juu na pembeni. Mawe yanakwaruza zinki.
3. Penye unyevu, tuizungushie utepe wa kuzuia maji bila kuacha nafasi.
4. Kipande cha magnezi kikifungwa na tiyo kwa waya, kinaliwa mahali pa chuma. Kinafaa penye udongo wenye maji. Penye ukavu umeme wake haupiti vizuri. Kikiisha, kibadilishwe.
5. Kwenye kinamasi, tiyo ya polietileni haipati kutu. Tuhakikishe tu inaweza kubeba nguvu ya maji, na ifukiwe isipigwe na jua.

Kisha tuchore njia ya tiyo katika daftari la koperative, na mipaka ya udongo ionekane. Wakati wa kiangazi, mukiona majani mabichi mahali pamoja juu ya tiyo, anzeni kuchimba pale.