Kosa la Rafiki za Yobu

Msiba ukiingia nyumbani, hasa msiba wa mtoto, haukawii kusikika mnong'ono: "Wamekosa nini hawa?" Anayeuliza hadhani kwamba atenda vibaya, aona kwamba amtetea Mungu. Maana Mungu ni mwenye haki, na mwenye haki haadhibu bure. Basi anayeumia hakosi kuwa na dhambi. Hesabu hiyo ni fupi, tena yaonekana imetimia. Lakini Wayahudi, ambao kwao tumepokea imani ya Mungu mmoja mwenye haki, wameipima kwa zaidi ya miaka elfu mbili, nao wengi wao wameiona ina kasoro. Yafaa tujifunze kwao.

Tuanze na Torati. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 28, taifa la Israeli laahidiwa mvua, mavuno na amani likizishika amri; likiziacha litapata ukame, maradhi na utumwa. Hizo zote ni thawabu na adhabu za hapa duniani, tena za taifa zima. Juu ya maisha ya baadaye, nuru ilikuwa bado hafifu: wafu, wema kwa wabaya, walishuka Sheoli, mahali pa giza na kimya. Basi, ikiwa hesabu yafungwa kaburini, mtu mwema afaye katika taabu amelipwa nini?

Swali hilo lilizidi ukali mji wa Yerusalemu ulipotekwa na Wababiloni mwaka 587 kabla ya Kristo. Waliohamishwa walinung'unika kwamba walipishwa dhambi za baba zao. Nabii Ezekieli, katika mlango wa 18, akawakatalia: mwana habebi uovu wa babaye, wala baba uovu wa mwanawe. Hivyo lawama moja iliondolewa. Ikabaki nyingine: labda mteswa mwenyewe ndiye mkosaji.

Lawama hiyo nayo yajibiwa na kitabu cha Yobu. Tangu mwanzo msomaji aambiwa kwamba Yobu ni mtu mwema. Hata hivyo apoteza mali, watoto kumi na afya yake. Rafiki zake watatu waja, wakaa naye chini siku saba, usiku na mchana, pasipo kusema neno. Mpaka hapo wametenda vema. Kosa lao laanza wafunguapo vinywa, wakimhimiza aungame dhambi asiyoijua. Mwishoni Mungu hamwelezi Yobu sababu ya mateso yake. Bali awakasirikia rafiki hao, kwa kuwa hawakunena kweli juu yake. Waliojifanya mawakili wa Mungu ndio walioshindwa kesi.

Mnamo mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko Epifane alianza kuwaua Wayahudi walioishika Torati. Sasa watu walikufa, si kwa kuziacha amri, bali kwa kuzishika. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, mlango wa 7, chasimulia habari za mama na wanawe saba waliokufa wakitumaini kwamba Mungu atawarudishia uhai. Masadukayo waliukataa ufufuko, lakini Mafarisayo waliukiri, na walimu wa Kiyahudi waliowafuata wakafundisha juu ya ulimwengu ujao.

Talmudi yatoa mfano mchungu. Kijana alitumwa na babaye apande juu amletee makinda. Alitii, akamwacha kwanza mama wa ndege aende zake, kama Torati iagizavyo; kisha akaanguka, akafa. Kumbe amri hizo mbili, kumheshimu mzazi na kumwachilia mama wa ndege, ndizo zilizoahidiwa maisha marefu! Rabi Yakobo hakumtafutia kijana huyo dhambi ya siri. Alisema kwamba ahadi ile ni ya ulimwengu ujao.

Ni kweli, walimu hao walifundisha pia kwamba mtu apatwaye na mateso ayachunguze matendo yake. Lakini tuangalie vema: ayachunguze yake mwenyewe. Talmudi hiyohiyo yakataza kumwambia mgonjwa, au mtu aliyezika watoto wake, maneno kama yale ya rafiki za Yobu. Kwao hilo ni kosa la kumdhulumu mtu kwa maneno. Hata kwa marehemu Wayahudi wana uangalifu huo. Mapokeo yao yasema kwamba hukumu ya waovu katika Gehinomu huchukua miezi 12. Ndiyo sababu wengi wao humwombea mzazi sala ya Kadishi miezi 11 tu, wasije wakaonekana kumhesabu miongoni mwa waovu.

Kati ya 1941 na 1945 Wanazi waliwaua Wayahudi kadiri ya milioni 6, na miongoni mwao watoto kama milioni moja na nusu. Walikuwako waliothubutu kusema kwamba ilikuwa adhabu. Wengi katika Wayahudi wenye elimu walilikataa neno hilo kwa uchungu, nao walikuwa na haki. Mtoto mchanga aadhibiwe kwa dhambi gani?

Hata mitume, nao Wayahudi, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana wetu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Wayahudi hukaa matanga siku saba, na ni desturi yao ya kale kwamba mfariji asianze kusema kabla ya mfiwa. Desturi hiyo walijifunza kwa rafiki za Yobu, walipokuwa bado wamenyamaza. Basi, enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu hivyo. Tukiingia penye msiba, tuteke maji, tuwashe moto, tukae chini pamoja na wafiwa. Dhambi za kuchunguza tunazo zetu wenyewe, nazo zatutosha.