Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: maswali mawili yaliyotushinda sisi wa Malambo

Wiki iliyopita niliahidi kuongelea mkopo wa halmashauri, maana inboksi imejaa: "Dada, zile hela za vikundi zinapatikanaje?" Leo nakaa chini nielezee vizuri. Chukua chai, somo ni refu kidogo.

Kwanza tuondoe neno moja. Wengi mnaniandikia "zile hela za msaada". Si msaada, ni mkopo. Hauna riba, hiyo kweli, lakini unarudishwa wote. Ukiingia na akili ya msaada utaumia, na utaumiza na wenzako.

Hela zenyewe zinatoka wapi? Kila halmashauri ina mapato yake ya ndani: ushuru wa mnada, leseni, tozo za huduma kwa wenye hoteli na kambi, na kadhalika. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inasema asilimia 10 ya mapato hayo itengwe kwa mikopo ya vikundi. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2019 zikatoka kanuni za namna ya kukopesha. Kwa hiyo ule ushuru unaolipa pale mnadani ukiuza mbuzi, sehemu yake inaingia kwenye chungu hicho. Mimi nilikuwa nalalamikia ule ushuru kila mnada bila kujua.

Sasa niwape ya kwetu.

Sisi tuko Malambo, wilaya ya Ngorongoro, huku chini tambarare upande wa Sale. Tunatengeneza bangili na mikufu ya shanga. Wanaotengeneza ni kina mama, mimi ndiye mwenye simu nzuri, kwa hiyo mimi ndiye muuzaji. Napiga picha nje ya boma asubuhi jua likiwa bado laini, naposti, oda zinaingia kutoka Arusha, Dar, Dodoma. Mzigo naushusha mpaka barabara ya Loliondo na Mto wa Mbu, unapanda gari kwenda Arusha, na kule unasambazwa. Bangili moja ni shilingi 8,000.

Mwanzoni mwa 2023 tukasikia kuna mkopo. Tukakusanyika sita: mimi, wifi yangu, koko mmoja wa boma la jirani ambaye mikono yake ndiyo bora kuliko yetu wote, na kina mama wengine watatu. Kanuni zinataka wasiopungua watano kwa kikundi cha wanawake au vijana, kwa hiyo tuliona tumevuka. (Kwa mwenye ulemavu sharti la idadi ni jepesi, hata mtu mmoja anaweza kuomba. Kama unamjua mtu wa hivyo anayeuza kitu, mwambie leo.) Tukaandika katiba ya kikundi, tukachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tukachukua muhtasari wa kikao, tukapita kwa mtendaji wa kijiji kupata utambulisho. Kwenye andiko la mradi tukaomba milioni 10. Kwa nini 10? Kwa sababu ni namba nzuri. Sina sababu nyingine ya kuwaambia.

Afisa maendeleo ya jamii alisoma lile andiko, kurasa nne, akaliweka pembeni. Akauliza maswali mawili tu.

"Mwezi uliopita mliuza bangili ngapi?"

Tukaangaliana. Mmoja akasema nyingi. Wifi akasema kama mia. Mimi, katibu na muuzaji, ndiye niliyetakiwa kujua, na sikujua.

"Na hela za wateja zinaingia wapi?"

"Kwenye simu yangu," nikasema.

"Ile ile unayonunulia unga?"

Kimya. Hakutufukuza wala hakutukejeli. Alisema rudini, jibuni hayo mawili kwa maandishi, halafu tuongee. Nilichukia njia nzima. Nilikuwa na wafuasi elfu kadhaa, wateja wananisifia, halafu mtu ananiuliza habari za unga.

Usiku ule nikaomba taarifa ya miamala ya miezi mitatu kwenye simu. Nikachukua daftari nikaanza kuchambua: hii ya mteja, hii kaka katuma ya matibabu ya ng'ombe, hii ya mteja, hii sijui. Ilinichukua siku tatu. Nikapata bangili 180 kwa miezi mitatu, yaani 60 kwa mwezi. Mia ya wifi ilikuwa ndoto.

Lakini hiyo si ndiyo iliyoniuma. Tulikubaliana kila bangili ikiuzwa, aliyeitengeneza anapata 2,000. Nilipohesabu malipo niliyowatumia kina mama, yalikuwa ya bangili 137. Zimepungua 43. Shilingi 86,000 za wenzangu zilikuwa zimepita mikononi mwangu na sijui zimeenda wapi. Yaani najua. Zimeenda kwenye unga, bando, sare za shule. Sikuiba kwa makusudi, ila kwa mwenye jasho lake hakuna tofauti.

Nikaenda kwa koko kwanza, maana kwake ndiko nilikoogopa zaidi. Nikamwambia nimekosea hesabu. Hakushangaa hata kidogo. Akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Kila bangili aliyonipa alikuwa anatupia shanga moja mle. Nilipomlipa moja, anatoa shanga moja. Tukazimwaga juu ya ngozi tukahesabu: zilibaki saba. Kwenye daftari langu deni lake lilikuwa saba. Koko hajasoma hata darasa moja na vitabu vyake vilikuwa safi kuliko vyangu.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe."

Nililipa zile 86,000 kwa awamu, ilinichukua wiki saba. Tukatafuta laini nyingine ya mauzo tu, anashika mweka hazina, na kila Ijumaa anasoma meseji zote za malipo mbele ya watu wote. Muuzaji hashiki hela, mshika hela hauzi. Hata kama mko wawili na mwenzako ni mdogo wako wa tumbo moja, fanyeni hivyo.

Sasa njoo kwenye swali la bangili ngapi, maana hapa ndipo wengi mnaomba mkopo wa kuwazika. Bangili ya 8,000 tuligawanya hivi: shanga na waya 2,000, aliyetengeneza 2,000, usafiri na mfuko na makato ya kutuma hela 2,000. Inabaki 2,000, na hiyo ndiyo pekee inayoweza kulipa deni. Zile nyingine zina wenyewe.

Ile milioni 10 ukiirudisha kwa miezi 12 ni 833,333 kila mwezi. Gawa kwa 2,000. Tungetakiwa kuuza bangili 417 kwa mwezi, karibu 14 kila siku, Jumapili na sikukuu ndani. Sisi tunauza 60. Tungepewa zile hela tungefurahi miezi mitatu, kisha tungeanza kukimbiana njiani.

Tukageuza swali. Badala ya kuuliza tunataka shilingi ngapi, tukauliza bangili 60 zinaweza kulipa deni la ukubwa gani. Tukikopa kidogo na kununua shanga kwa jumla Arusha, gharama ya shanga inashuka kutoka 2,000 hadi 1,400, kwa hiyo kinachobaki kinapanda hadi 2,600. Mara 60 ni 156,000 kwa mwezi. Mkopo wa 1,500,000 kwa miezi 12 ni 125,000 kwa mwezi, yaani bangili 49. Zinabaki bangili 11 za kupumulia. Tukaandika hivyo hivyo: shanga 900,000, simu ya kikundi yenye kamera nzuri 350,000, usafiri wa Arusha 150,000, vifungashio 100,000. Andiko likawa ukurasa mmoja na nusu.

Tulipokuwa tunajiandaa kulipeleka, Aprili 2023, Serikali ikasimamisha mikopo yote nchi nzima. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ilikuwa imeonyesha madeni yasiyorudi na vikundi ambavyo havipo kabisa, na ikaonekana utaratibu upangwe upya. Tulikaa zaidi ya mwaka. Hapa ndipo vikundi vingi vilikufa, na chetu kilichungulia kaburi. Mama mmoja akatoka, tukabaki watano kamili. Halafu wifi naye akasema anataka kutoa akiba yake aondoke, ana shida ya hela ya haraka. Akiondoka yeye, tunabaki wanne, hatuna kikundi tena machoni pa kanuni.

Kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa tumeanza kuweka 1,000 kila mtu kila Ijumaa. Tulimkopesha wifi 120,000 kutoka humo, akabaki, akalipa baada ya miezi mitano. Ndiyo maana nawaambia wanaosubiri mkopo ndipo waanze kikundi: kikundi kisichokuwa na hata senti yake ndani hakivuki kipindi kama hicho.

Mwaka 2024 mikopo ikarudi. Halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu utaratibu wa kupitia benki, kama Dar es Salaam na Dodoma, na jirani zetu wa Mbulu Mji. Nyingine, sisi tukiwemo, zikaendelea kutoa zenyewe kwa utaratibu mpya. Maombi sasa yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandao, na uhakiki umekaza zaidi: wanakuja kuona kama mpo kweli, mnafanya nini, wapi. Kwetu walikuta kopo la koko juu ya meza, karibu na daftari. Mmoja akauliza hilo kopo la nini, tukamwonyesha, akacheka sana.

Mambo madogo yanayokwamisha, nayapita haraka. Vitambulisho vya Taifa vya kila mwanachama, na majina yafanane na ya benki; mwenzetu mmoja jina la baba liliandikwa tofauti na tulisafiri Wasso mara mbili kwa herufi moja. Akaunti ya benki iwe ya kikundi, si ya mwenyekiti. Mwenye ajira rasmi asiwemo. Na usiweke jina la shangazi anayeishi Mwanza ili mtimie watano, uhakiki utamtafuta.

Na hili sisi wa mtandaoni litatukuta sana: ukiona tangazo la "mkopo wa halmashauri, tuma ada ya fomu kwenye namba hii", huyo ni tapeli. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, umwone kwa macho. Nimeona mtu anatumia nembo ya Serikali kabisa, kaunti ina wafuasi kuliko mimi.

Hela iliingia mwanzoni mwa 2025. Mkataba wetu ulitupa miezi mitatu kabla ya kuanza kurejesha. Na sitawadanganya kwamba imeteleza. Mwezi mmoja wa mvua barabara ilikatika, mizigo ililala njiani siku tisa, wateja wawili wakadai hela zao. Tuliuza bangili 31 tu. Mara 2,600 ni 80,600, tukapungukiwa 44,400. Tukatoa kwenye ile akiba ya Ijumaa na rejesho likaenda kwa tarehe yake. Kuna aliyenong'ona kwamba tuombe tu tusubiriwe, si hela ya Serikali bwana. Koko akamwambia mama mwenye kikundi cha ufugaji kuku pale kijijini naye ameomba mkopo, anasubiri hela zirudi ndipo apewe. Akamtaja kwa jina, na wote tunamjua, tunachota naye maji.

Kwa sasa tunauza kati ya 65 na 70 kwa mwezi. Si utajiri. Marejesho yaliyobaki ni mawili, na la kwanza linaenda Ijumaa hii baada ya kusoma meseji. Kopo la koko lina shanga 12 hadi jana jioni, na daftari nalo linasema 12.