Lango la Chuo Liko Kwenye Simu: Namna ya Kuisoma Tovuti Kabla ya Kuomba Nafasi

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, nilikaa na mpwa wangu tutafute ada ya shahada ya uuguzi katika chuo alichokipenda. Tovuti ilifunguka kwa picha za mahafali, moja baada ya nyingine, zote zikila bando. Ada tuliikuta ndani ya faili lililoskaniwa kiubavu, la miaka mitatu nyuma. Namba ya simu iliyoandikwa haikupokelewa. Bando likaisha, na swali letu likabaki palepale.

Kuanzia mwaka 2010, waombaji wa vyuo vikuu nchini Tanzania walipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tangu 2017 kila mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni. Kwa kijana aliyeko Kibondo au Tunduru, tovuti ndiyo lango la chuo. Chukua daftari, na usifanye malipo ya maombi kabla hujapata majibu ya maswali haya manne.

Je, nina sifa?

Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kiwango cha chini cha kuingia shahada ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa alama A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayotakiwa na kozi. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Mwenye D mbili ametimiza. Mwenye D na E ana 3, hajatimiza. Waliomaliza 2014 na 2015 wana mpangilio wao wa alama.

Hicho ni kizingiti tu, maana kila kozi ina masharti yake. Udaktari, kwa mfano, unadai Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu. Tovuti nzuri huandika masomo na alama chini ya jina la kila kozi. Ukikuta imeandikwa tu "awe na ufaulu mzuri", fungua Mwongozo wa Udahili wa TCU, unaotolewa kila mwaka na kupakuliwa bure. Upo wa waliomaliza kidato cha sita na upo wa wenye stashahada, angalia unaokuhusu. Kwa kozi za cheti na stashahada, tafuta mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ngazi hizo.

Nitalipa kiasi gani kwa jumla?

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Kwanza, angalia kama kiasi kilichoandikwa ni cha muhula au cha mwaka. Tuseme umeona shilingi 700,000 ukafurahi. Kama ni ya muhula, mwaka ni 1,400,000. Pili, ada ya masomo haiji peke yake. Kuna usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, bima ya afya, hosteli na mafunzo kwa vitendo. Chuo kinachomjali mzazi huweka yote kwenye jedwali moja, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Usipoliona, pakua maelekezo ya kujiunga, kisha ujumlishe mwenyewe. Tatu, tazama mwaka wa masomo ulioandikwa juu ya waraka. Waraka usio na mwaka usiutegemee. Piga simu uulize.

Kama unategemea mkopo, soma pia mwongozo wa Bodi ya Mikopo, HESLB. Maombi yake ni tofauti na ya chuo, na yana tarehe zake.

Mwisho ni lini?

Udahili hufanyika kwa awamu. Andika tarehe ya kufunga kila awamu, na siku ya majina kutangazwa. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, ni lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda uliopangwa, kwa namba ya siri unayotumiwa. Kwa hiyo jaza namba ya simu iliyo yako, utakayokuwa nayo hadi Oktoba, wala si ya mwenye duka la intaneti.

Je, hii ni tovuti ya chuo kweli?

Kwa kawaida anwani za vyuo vya Tanzania huishia na .ac.tz, na za taasisi za serikali .go.tz. Hakikisha jina la chuo limo kwenye orodha ya TCU au NACTVET. Chuo cha umma hukupa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mtu akikuambia umtumie pesa kwenye simu yake akuwekee nafasi, kata simu.

Kwa wakuu wa vyuo na wanaotunza tovuti, ombi langu ni hili: mpeni kijana aliyemaliza kidato cha sita simu ya kawaida yenye bando dogo, kaeni pembeni, mtazame kama ataipata ada ya kozi moja. Akishindwa, ondoeni picha, andikeni ada kwa maandishi ya kawaida ukurasa wa mbele, na mweke mtu wa kupokea simu.

Mpwa wangu aliomba chuo kingine. Kilikuwa kimeandika sifa, ada na tarehe katika ukurasa mmoja, na mama yake aliweza kuusoma mwenyewe.