Nyumba Isiyoutaja Ugonjwa Wake

Yuko mgonjwa ambaye wote wa nyumbani wamjua kuwa ni mgonjwa, wala hakuna athubutuye kusema. Kifua chake huitwa mafua. Ulevi wa baba huitwa uchovu wa kazi. Mtunzi wa Marekani, Eugene O'Neill (1888–1953), aliiweka nyumba ya namna hiyo jukwaani, nayo ilikuwa nyumba ya Wakatoliki, tena ya kwao mwenyewe.

Mchezo huo, Long Day's Journey into Night, yaani safari ya mchana mrefu kuingia usiku, aliumaliza mwaka 1941. Kwa kuwa ulisimulia habari za wazazi na kaka yake, alitaka usichapishwe mpaka miaka 25 baada ya kufa kwake. Mjane wake hakungoja. Ukaonyeshwa Stockholm mwaka 1956.

Mambo yote ni ya siku moja ya Agosti 1912, katika jamaa ya Tyrone, watu wenye asili ya Ireland. Mama, Mary, alilelewa katika shule ya masista, na usichanani alitamani utawa. Alipomzaa Edmund alipewa mofini ya kutuliza maumivu, ikamshika. Sasa amerudi kutoka matibabuni. Asubuhi wote wacheka. Lakini usiku uliopita zilisikika nyayo zake katika chumba cha wageni, nao wajua maana yake. Edmund naye akohoa. Mama asema ni mafua ya kiangazi tu, maana baba yake mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu.

Tuangalie vema hapa. Uongo wa nyumba hii haukuzaliwa na chuki. Mume anyamaza asije akamtia mkewe wasiwasi; mwana mkubwa, Jamie, akisema kweli huambiwa ana roho mbaya. Kila mmoja amkinga mwenzake asikutane na kweli, na hivyo mama aachwa peke yake na dawa yake. Wala hakosi kuona jinsi wanavyomchungulia: midomo yamsifu kuwa amepona, macho yamwambia hawamwamini.

Mary apenda ukungu utokao baharini, kwa kuwa wamficha. Msomaji wetu wa Kisiwani, aliyezoea kuona milima ya Upare ikifunikwa na mawingu, hatamshangaa. Na sala je? Aanza Salamu Maria, akakoma njiani, akijua kuwa Mama Bikira hadanganywi kwa maneno matupu. Kwa maoni yetu, saa hiyo ndipo yu karibu na uzima kuliko saa nyingine zote za siku ile.

Mwaka 1912 dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu haikuwako; streptomycin iligunduliwa mwaka 1943. Siku hizi nchini mwetu ugonjwa huo hutibiwa bure, kwa kawaida kwa miezi 6, na hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro imewapokea wagonjwa wake tangu enzi za ukoloni. Hata hivyo yako majumba ambamo kikohozi kilichopita wiki 2 chaitwa bado vumbi la barabara, na mtoto hapelekwi kupimwa, kwa sababu kupimwa ni kukiri.

Usiku wa manane Mary ashuka ngazi akiburuta gauni lake la arusi, azungumza kama msichana wa shule. Mume na wanawe wamekaa na gilasi za pombe. Edmund amshika mkono, amwambia waziwazi kuwa ana kifua kikuu. Kwa kitambo kidogo ni kama amesikia. Kisha aendelea kusimulia habari za masista.